Kilo Nane Pamoja na Mkoba

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu Wietske amekata tiketi. Ya Karel kwanza, yangu baadaye. Ameniambia mwenyewe, bila haya, huku akimenya viazi. Eti shirika la ndege linaruhusu wanyama wawili tu kwa safari moja, kwa hiyo ilibidi awahi nafasi ya Karel. Za watu zipo mia moja na themanini, hazikosekani.

Karel ni mbwa. Naandika wazi, maana siku moja mtu anaweza kuisoma shajara hii akadhani ni bwana fulani. Angekuwa bwana fulani ningejua la kufanya. Ni mbwa wa miguu mifupi na kiwiliwili kirefu, rangi ya kahawia, anatimiza miaka sita Jumamosi hii, na analala kati yangu na mke wangu. Amelala hapo tangu ana wiki kumi. Mimi nalala ukingoni kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akapitiliza.

Tunahamia Bergen, Norway, Jumamosi ya tarehe 16. Wietske amepata kazi huko kwenye maabara ya samaki. Mimi nimestaafu mapema. Miaka thelathini nilipima kina cha maji kwenye mifereji ya hapa Zwolle, Uholanzi, na sasa maji yanapimwa na mashine. Nilipokubali kuhama nilikuwa na picha moja tu kichwani: Wietske na mimi, wawili, mvua dirishani, kitanda chote chetu. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Sidhani kama naomba makubwa.

Ningeweza kumwambia. Nilimwambia mwaka juzi. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akamsimulia Karel.

Basi nimeamua. Karel haendi Bergen. Atabaki na Bi Alida wa ghorofa ya chini, anayempenda na mwenye bustani. Ila sababu lazima itoke kwingine, isitoke kwangu.


Jumatano, 6 Machi

Sababu imepatikana! Nimeisoma kwenye karatasi za shirika la ndege wakati Wietske yuko bafuni. Mnyama anayesafiri ndani na abiria asizidi kilo nane, pamoja na mkoba wake wa kubebewa. Akizidi hata kidogo, anakwenda chini kwenye mizigo. Na Wietske alishaapa mbele ya mama yake kwamba Karel akitakiwa kwenda mizigoni, bora abaki Zwolle.

Jioni tumempima. Wietske hupanda mizani peke yake, kisha hupanda na Karel mikononi, kisha mimi hutoa hesabu. Ni kazi yangu pekee katika maisha ya mbwa huyu. Karel: kilo sita na gramu mia tisa. Mkoba: gramu mia tisa. Jumla kilo saba na gramu mia nane. Wietske akampongeza Karel kwa umbo zuri. Mimi nimepungua kilo tatu tangu Krismasi na hakuna aliyeniambia kitu.

Gramu mia mbili tu zinanitenganisha na furaha. Nimekwenda kwenye jokofu, nimekata kipande cha jibini lililokomaa, lile gumu lenye chumvi ninalolipenda kuliko vyote, nikampa Karel chini ya meza. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alinitazama usoni.


Alhamisi, 7 Machi

Jibini asubuhi, jibini mchana, soseji ya maini saa kumi. Mambo yanakwenda vizuri.

Karel sasa ananifuata chooni. Leo nilikuwa nimekaa, yeye ameketi mbele yangu, na nikiwa sina pa kutazama nikaitazama kalenda ya siku za kuzaliwa iliyoning'inia mlangoni. Kila mtu tunayemjua yumo. Karel ameandikwa kwa wino mwekundu, na kopa pembeni. Mimi nimeandikwa kwa penseli. Kwa penseli! Kama mtu ambaye huenda mipango yake ikabadilika. Roho iliniuma nikasahau nilichoingilia.

Nimeshuka kwa Bi Alida kumwandaa. Nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba sheria za ndege ni kali siku hizi, na kwamba Karel maskini anaelekea kunenepa. Bi Alida ana miaka sabini na minane na hadanganyiki kirahisi. Akanimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo. Akaniuliza: "Mwanangu Lubbert, sema kweli, mbwa huyu anakuzidi nini?" Nikasema hanizidi kitu. Akasema sawa, ingawa sura yangu inaonyesha kinyume. Ila yuko tayari kumpokea. Ameshachagua hata mahali pa kuweka kikapu chake.


Ijumaa, 8 Machi

Mtu wa busara hategemei mtego mmoja. Nimeweka wa pili.

Norway haiingizi mbwa mpaka apewe kidonge cha minyoo ya tegu na daktari wa mifugo, na daktari aandike siku na saa kwenye pasipoti ya mbwa. (Karel ana pasipoti. Picha yake imetoka vizuri kuliko yangu.) Kidonge kitolewe si chini ya saa ishirini na nne kabla ya kuingia nchini, wala si zaidi ya saa mia moja na ishirini. Hapo kwenye mia moja na ishirini moyo wangu ulidunda.

Tunatua Bergen Jumamosi saa tisa alasiri. Wietske alipanga miadi ya Jumatano. Nimepiga simu kliniki nikaihamishia Jumatatu saa nne asubuhi. Nimehesabu mara tatu: saa mia moja ishirini na tano. Akiponea kwenye mizani, atanasa forodhani, na hapo atarudishwa kwa Bi Alida. Wietske nimemwambia kliniki ndiyo iliyoomba. Nchi hii mtu akisikia miadi imehamishwa na ofisi haulizi neno, anafungua daftari lake na kuandika upya.

Daktari mwenyewe ni Bouwe. Mrefu, mikono mikubwa, sauti ya kubembeleza ng'ombe. Wietske akiwa kliniki hucheka vicheko ambavyo nyumbani sijavisikia tangu tununue gari la kwanza. Simpendi.


Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kuzaliwa ya Karel. Pia ndiyo iliyokuwa sherehe yetu ya kuaga, lakini hilo halikuandikwa kwenye keki.

Viti vilipangwa duara sebuleni kama kawaida. Kila aliyeingia alizunguka duara lote akishika mikono ya watu na kupongeza, kwa kuwa ndivyo tufanyavyo: siku ya mtu mmoja, jamaa zake wote wanapongezwa. Mama mkwe: hongera kwa Karel, Wietske. Hongera kwa Karel, Lubbert. Shemeji: hongera kwa Karel. Jirani wa mkono wa kulia, mwalimu mstaafu, mtu mzima mwenye suti: hongera sana kwa Karel, Bwana Lubbert. Nimepokea hongera kumi na saba. Siku yangu mwaka jana walikuja wanne, na mmoja alikuwa amekuja kusoma mita ya gesi.

Na nani akatokea mlangoni na ua mkononi? Daktari Bouwe. Kumbe Wietske alimwalika. Akanibana mkono mpaka pete ikaniingia kidoleni, akanipongeza kwa Karel, kisha kiti kitupu kikawa kimoja tu, karibu na mke wangu. Wakazungumza samaki. Akamwambia anakwenda kaskazini mwa Denmark wiki ijayo na gari lake la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani. Wietske akasema lazima ni raha sana. Mimi pia niliwahi kupendekeza gari la kulala, mwaka 2011. Aliniuliza kama nimechanganyikiwa.

Kipande kimoja cha keki kwa kila mtu, sanduku likafungwa. Karel alipewa soseji nzima ya maini. Sikuingilia kati.


Jumatatu, 11 Machi

Kliniki, saa nne kamili. Daktari Bouwe alimpa Karel kidonge, akaandika saa kwenye pasipoti kwa mwandiko mzuri wa kuudhi. Akaniuliza tunatua lini. Nikasema Jumamosi, nikakohoa. Akahesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, tano, vizuri. Daktari mzima anahesabu siku badala ya saa. Wangempa mfereji apime, Zwolle ingekuwa chini ya maji.

Kisha akampandisha Karel mezani kwenye mizani. Kilo saba na gramu mia tatu. Daktari akashika kiuno cha Karel kwa mikono miwili, akauliza ni nani anayemlisha huyu bwana. Wietske akaniangalia. Nikajitahidi kufanana na ukuta. Wietske akasema lazima ni Bi Alida, watu wazima hawawezi kuwanyima wanyama. Nikasema kweli, tumsamehe.

Kuanzia leo Karel anakula tango. Wietske anamkatia vipande vidogo na kumwambia maneno ya kumtia moyo. Karel analila kwa adabu, kisha ananifuata jikoni, ambako serikali ni nyingine.

Jambo moja dogo. Nikikaa, anakuja kukalia viatu vyangu. Ni mzito, na ana joto. Si jambo kubwa, lakini niliandike.


Jumanne, 12 Machi

Ujumbe umeingia kutoka shirika la ndege. Ratiba imebadilika. Hatutui saa tisa alasiri. Tunatua saa tatu na nusu asubuhi.

Nimechukua penseli. Kutoka Jumatatu saa nne asubuhi hadi Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi. Saa mia moja kumi na tisa na nusu. Yuko ndani ya sheria kwa nusu saa! Mtego wa wiki nzima umeharibiwa na mtu nisiyemjua aliyekaa ofisini na kubofya kitufe.

Wietske amefurahi, eti tutafika mapema, tutapata kutembea bandarini sisi watatu. Sisi watatu. Nimeongeza kiasi cha jibini.


Alhamisi, 14 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi tumempima. Karel kilo saba na nusu, na mkoba, kilo nane na gramu mia nne. Wietske akahesabu mwenyewe mara ya pili, kisha akakaa ukingoni mwa bafu na kulia. Siyo kulia kwa kelele. Machozi tu yakishuka, mkono kwenye mgongo wa Karel. Akasema amemnyima hata ukoko wa mkate, hajui amekosea wapi. Nilisimama na taulo mkononi. Nikawa nataka kusema kitu, kisha nikakumbuka kitanda.

Nikamwambia kwa upole kwamba Bi Alida yupo. Kwamba kikapu kimeshapata mahali pake. Akafuta macho, nikajua nimeshinda.

Akatoka kupiga simu. Aliporudi uso ulikuwa umechanua. Kila kitu kimepangwa. Mimi nitapanda ndege na masanduku, maana bahari hunitapisha. Yeye na Karel watakwenda kwa gari hadi kaskazini mwa Denmark, na kutoka huko kwa meli hadi Bergen. Na gari la nani? La Daktari Bouwe. La kulala. Anapita njia hiyo hiyo na anaondoka Ijumaa jioni.

Nilisema saa! Saa mia moja na ishirini zitapita! Akasema ametangulia kulifikiria hilo: Daktari atampa Karel kidonge kingine kabla ya kuondoka, si yumo garini na mkoba wake wa dawa. Niliona gari hilo lote kichwani. Sufuria ndogo kwenye jiko dogo. Mapazia ya mistari. Vicheko.

Wivu ninao, siufichi, na shajara hainisuti. Nilidhani nilikuwa nao kwa Karel. Kumbe kwa Karel nilikuwa nafanya mazoezi.

Nikasikia mdomo wangu ukisema: nipe hadi kesho mchana. Nitampunguza mimi.


Ijumaa, 15 Machi

Saa moja asubuhi, mimi na Karel, juu ya tuta la mto. Upepo wa kutoka kaskazini, mvua ya pembeni. Nilikimbia. Sijakimbia tangu kuwahi treni ya mwaka 2016. Karel alidhani ni mchezo wake na wangu, akawa anatangulia, anageuka, ananisubiri, anafurahi kuniona nikimfikia kama vile nimetoka safari ya mbali. Wakulima wawili walisimamisha trekta kututazama. Mmoja akaniuliza nani kati yetu amemtoroka mwenzake.

Hakula kitu ila tango. Alinitazama pale jikoni mlangoni, nikamwambia hapana, rafiki yangu. Neno lilitoka lenyewe.

Saa sita tukampima: kilo saba na gramu mia tatu. Na mkoba, kilo nane na gramu mia mbili. Haitoshi. Nikauchukua mkoba, nikaondoa godoro lake, nikakata mfuko wa pembeni, nikakata mkanda wa mabega, nikatandika ndani fulana yangu nyepesi. Nikapima tena. Kilo saba, gramu mia tisa na hamsini.

Wietske alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote na sikujua. Akachukua mkasi mkononi mwangu, akauweka mezani. Akasema: "Lub, sikujua kama unampenda kiasi hiki." Akanibusu kwenye kipaji cha uso, penye kipara, akakaa hapo. Kisha akampigia Daktari Bouwe kumwambia hapana, asante, familia yake itasafiri pamoja.

Familia yake. Nilikwenda chooni nikakaa na mlango umefungwa. Nilitaka kumwambia habari za jibini. Kweli nilitaka. Lakini mtu akishabusiwa hivyo hapendi kuharibu.


Jumamosi, 16 Machi. Bergen

Uwanja wa ndege, mama wa kaunta aliweka mkoba kwenye mizani. Ikasoma nane, ikasoma nane nukta moja, ikarudi nane. Nilikuwa nimebana pumzi, kama vile hilo lingesaidia. Mama akamtazama Karel kwenye kijidirisha cha nyavu, akasema ana macho mazuri, pita.

Ndani ya ndege mkoba ulitakiwa kukaa chini, miguuni kwa Wietske. Karel akaanza kulia. Sauti nyembamba, haikatiki. Wietske alimbembeleza, akamwimbia, akamwekea kidole apate kukinusa. Watu wakageuka. Mhudumu akaja, akauliza kwa heshima mwenye mbwa ni nani. Wietske akasema ni yeye. Mhudumu akasema mbona mbwa anamtazama bwana huyu. Tukausogeza mkoba miguuni kwangu. Karel akaweka pua kwenye kiatu changu, akalala hadi Norway.

Kusema kweli nilivimba kichwa. Miaka sita nimekuwa mgeni, leo hii nimechaguliwa mbele ya safu nane za viti. Wietske alitazama dirishani njia nzima. Kulikuwa na mawingu tu.

Sasa ya forodhani. Mwenye mbwa lazima apite njia nyekundu ajitangaze. Mbele yetu alikuwapo bwana mmoja na sanduku la soseji, na afisa alizitazama moja moja. Saa ya ukutani: tatu na dakika arobaini na moja. Saa nne kamili kidonge cha Karel kingeisha nguvu kisheria. Soseji zikaendelea. Tatu na arobaini na saba. Nikaanza kutoka jasho. Wietske alikuwa hajui kitu, akanong'ona kwamba wakimrudisha Karel kwa sababu yoyote ile atarudi naye, hata kazi basi. Alisema kwa utulivu, jinsi anavyosema mambo ambayo kweli atayafanya. Picha yangu ya wawili na mvua dirishani: ningebaki na mvua.

Tatu na dakika hamsini na mbili afisa akafungua pasipoti. Akasoma. Akatazama saa. Akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena, akatuita karibu. Akasema ameona saa mia moja na kumi, ameona hata mia moja na kumi na tano, lakini dakika nane kabla ya mwisho hajawahi. Nani aliyepiga hesabu hii? Wietske akasema kwa fahari: "Mume wangu. Alipima mifereji miaka thelathini." Afisa akanipa mkono. Alisema angetaka watu wote wawe makini hivyo.

Nikasema ni kazi tu.


Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nyumba ni ya mbao, nyeupe, ina harufu ya rangi mpya. Kitanda kina upana wa mita moja na nusu. Karel amelala kwenye miguu yangu, mimi katikati, Wietske ukingoni. Nimepata nilichotaka, au kitu cha jirani yake.

Wakati wa kahawa Wietske aliongea. Hakuwa na hasira. Alisema Zwolle, kila alipotoka kazini, alikuwa akisikia kucha za Karel sakafuni kabla hajaingiza ufunguo. Mimi nilikuwa nikimwita kutoka kwenye kiti kwamba kahawa imo kwenye birika. Akasema hanilaumu, birika kweli lilikuwa na kahawa. Ila alizoea kupokelewa. Kazi mpya, watu wapya, lugha mpya kuanzia kesho, na alikuwa akijipa moyo kwamba jioni kuna atakayekuja mlangoni. Sasa anaona Karel hasogei miguuni kwangu.

Nimemsikiliza kwa makini sana. Nimeelewa kila neno. Siri yote ni mlango. Miaka yote hiyo mbwa yule alikuwa akinishinda kwa hatua kumi na mbili za korido.


Jumatatu, 18 Machi

Nimepima korido: hatua tisa. Saa kumi na robo nimemfungia Karel kwenye chumba cha kufulia, pamoja na kipande cha jibini asibweke. Nimechana nywele. Saa kumi na nusu nilikuwa mlangoni, nimenyooka, mikono wazi.

Ufunguo ukazunguka. Wietske akaingia, koti linachuruzika maji, uso umechoka. Akaniona. Nusu ya sekunde nadhani alifurahi. Kisha akatazama nyuma yangu, akatazama chini, akauliza Karel yuko wapi, ana nini, amefanyaje. Nikasema yupo, mimi nimekuja kukupokea. Akasema asante, Lub, lakini Karel yuko wapi.

Nikafungua chumba cha kufulia. Wietske alipiga goti pale pale koridoni na koti lake. Karel akatoka mbio, masikio nyuma, akampita. Akampita kabisa, akaja kunirukia mimi, akaketi kwenye viatu vyangu akinusa kidole changu.

Wietske alibaki amepiga goti kidogo. Kisha akainuka, akavua koti, akaenda bafuni. Nikagonga. Akasema kwa sauti ya kawaida, nyuma ya mlango: "Nilikuwa naye mmoja tu wa kunikimbilia. Na huyo umemchukua."

Nimefikiri sana juu ya maneno haya.


Jumanne, 19 Machi

Nimeipata! Jawabu ni paka.

Dada yangu Ymkje wa Kampen, karibu na Zwolle, ana paka aitwaye Truus asiyewataka wanaume. Humkwaruza shemeji kila siku ya Mungu. Anawapenda wanawake tu, huwangojea dirishani. Nimempigia Ymkje, amesema nimchukue hata leo. Truus ana kilo nne. Kilo nne! Na mkoba, hafiki hata tano. Na paka hahitaji kidonge cha tegu, nimesoma. Hakuna saa za kuhesabu. Njia nyekundu, pasipoti, umepita.

Nitaondoka Ijumaa asubuhi, nirudi naye Jumamosi. Wietske nimemwambia nakwenda Zwolle kumalizia habari za mita ya maji ya nyumba yetu ya zamani. Truus atakuwa wake, Karel atakuwa wangu, na kila mtu atakuwa na wa kumpokea. Bado kuna jambo moja linanisumbua: Truus asije akamzoea Wietske kupita kiasi. Nitamwangalia kwa karibu wiki za mwanzo.

Sasa hivi natafuta ndege yenye nafasi ya mnyama. Wietske ameniita mara mbili kutoka sebuleni. Anasema amerudi mapema, amewasha mshumaa, kahawa inapoa, niende tukae. Nimemjibu kutoka kwenye kiti kwamba anisubiri kidogo, nina shughuli muhimu, na ni kwa ajili yake.